Siku Baba na Mjomba Waliposhuka Mlima wa Nyuki bila Kukanyaga

Sisi tuliozaliwa upande wa Kabambare wakati Wabelgiji walipokuwa bado wanatutawala, tulijua mlio wa kinga kabla ya kujua kusoma. Kinga ndiyo baiskeli, nawaambia wajukuu zangu waliozaliwa mjini, na wananiangalia kama ninayesema Kirumi. Ilikuja kutoka mbali, tik-tik-tik, nyuma ya kona, na sisi watoto tuliacha kila kitu: manati, pia za kuzungusha, hata bugali na sombe, majani ya mihogo, yenye mawese iliyokuwa bado inatoa moshi. Tulikimbia barabarani kuona ni nani anayekuja. Mtu mwenye kinga alikuwa mtu. Kijiji kizima kilimjua kwa mlio wake, kama unavyomjua jirani kwa kikohozi.

Mimi ninayeandika haya ndiye wa kwanza katika kijiji chetu, karibu na Wamaza, kupata diploma ya ufundi wa mitambo. Nilisoma Kasongo kwa mapadri, nikasoma Kinshasa ilipokuwa bado Léopoldville, nikavuka maji nikasoma kwa Wabelgiji wenyewe, kwa Kifaransa chao, na darasani niliwaacha nyuma wengi wao. Nimesimama mbele ya mitambo mikubwa kuliko kanisa. Nimepanda ndege mara nyingi hata nimezoea kulala ndani yake. Nimerudi na kujenga Kasongo nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo wapita njia husimama kuitazama. Sijisifu, nasema yaliyopo. Lakini katika yote niliyoyaona, hakuna kilichonishangaza kama dakika zile chache nilizoshuka Mlima wa Nyuki nikiwa nimekaa nyuma ya mgongo wa baba yangu.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka barabara ile. Udongo mwekundu, umefagiliwa kama ukumbi wa bibi harusi. Haikuwa laini kwa bahati. Baba zetu waliilaza hivyo kwa jembe na kwa mikono, kapita wa barabara, msimamizi wa kazi, akiwa amesimama na filimbi yake mdomoni, na ole wake aliyeacha shimo mbele ya nyumba yake siku Mzungu anapita. Barabara ilipanda taratibu kutoka kijijini mpaka juu ya mlima, penye miti mikubwa yenye mizinga ya nyuki, halafu ikaanguka upande wa pili, ndefu, imenyooka, mpaka kwenye daraja la magogo ambako mama zetu walilowesha mihogo kijitoni. Ukisimama juu, wanawake wa chini walionekana wadogo kama siafu, na harufu ya mihogo iliyoloweshwa ilikufikia bado ina nguvu.

Sasa nieleze desturi moja ambayo sijaiona mahali pengine popote duniani, na nimetembea. Jioni, wenye kinga walikusanyika uwanjani, karibu na vinu vya kutwangia. Walizigeuza kinga zao, usukani na kiti chini, magurudumu juu. Wanawake waliokuwa wanatwanga walianza wimbo wa kutwanga, na pigo la kwanza la mchi likianguka, kila mwanaume alizungusha gurudumu lake mara moja, kwa nguvu zake zote, kisha akaondoa mkono. Wimbo uliendelea, magurudumu yakazunguka. Gurudumu lililosimama kabla ya wimbo kufika kwenye kiitikio, mwenyewe alichekwa hata na watoto. Gurudumu lililomaliza wimbo, mwenyewe aliletewa karanga za kukaanga na kusalimiwa kwa mikono miwili. Na wote, wakubwa kwa wadogo, Wakristo kwa Waislamu, tuliamini jambo moja bila shaka yoyote: gurudumu linalozunguka muda mrefu zaidi uwanjani ndilo litakaloshuka mlima kwa mbio zaidi. Nani angebisha? Tuliliona kwa macho.

Mfalme wa uwanja ule alikuwa Mjomba Rajabu, kaka ya mama yangu. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kanzu nyeupe ambayo haikushika vumbi kwa namna ambayo mpaka leo siielewi. Alichuuza chumvi na samaki wakavu kutoka kando ya Lualaba mpaka vijiji vya Lusangi, na kinga yake aliihudumia kuliko wengine walivyohudumia kondoo wao wa pekee. Kila wiki alifungua kitovu cha gurudumu, pale katikati panapokaa gololi, akaviosha vyuma kwa mafuta ya taa, akavipangusa kwa kitambaa, kisha akadondosha mafuta mepesi ya cherehani aliyopewa na fundi nguo. Akizungusha, gurudumu halikusikika. Wimbo uliisha, wanawake wakaweka michi chini, na gurudumu la mjomba lilikuwa bado linakwenda, linang'aa, kama limesahau kwamba kuna kusimama.

Baba yangu alikuwa kinyume chake. Mtu mnene wa mabega, mkulima wa pamba kama walivyolazimishwa wote, Mkristo wa kwenda misa ya asubuhi. Kinga yake ilibeba mawese mpaka sokoni Wamaza. Dereva wa lori la pamba alimpa grisi nzito, nyeusi, imefungwa katika jani la mgomba, na baba, kwa furaha, aliisukumia yote ndani ya kitovu. Gurudumu lake lilizunguka kama mtu anayeamshwa kwenda shamba. Halikufika kwenye kiitikio hata siku moja.

"Shemeji," mjomba alimwambia jioni moja mbele ya watu, "kinga yako inakulaka bugali kwa kitovu?"

"Iache ikule," baba akajibu. "Ikishiba itakupita."

"Itanipita? Hii? Labda nikiwa nimelala!"

Watu walicheka, na baba alicheka nao. Kwa miezi mingi ulikuwa utani wa mashemeji tu, unaokuja na mchi na kwenda na mchi. Mpaka ilipokuja habari yangu mimi.

Mwalimu wa dini alikuwa amemwambia baba kwamba kule Kasongo, kwa mapadri, nafasi moja ilikuwepo katika shule ya bweni, na kwamba kichwa changu kilifaa. Kilifaa, wala sioni aibu kusema. Nilikuwa nimemaliza kila kilichoweza kufundishwa katika shule yetu ya majani. Usiku sikulala, nikijiona nimevaa kaptula ya kaki. Lakini kwetu mtoto hana baba peke yake. Mjomba ana sauti, na mara nyingine sauti yake ndiyo inayosikika mwisho. Na Mjomba Rajabu, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume, alikuwa amekwisha kunichagua. Alitaka nifuatane naye barabarani, nijifunze biashara, niirithi siku moja.

Alikuja uwanjani jioni hiyo, hakugeuza hata kinga.

"Nimesikia munataka kumupeleka mutoto kwa mapadri. Mutoto wa dada yangu ni wangu pia, shemeji. Iko hivyo tangu zamani. Watamufundisha nini kule? Mimi nitamufundisha chumvi."

"Chumvi haifundishwe," baba akasema. "Inakuliwa."

"Ndiyo sababu kwako haionekanake!"

Watu walicheka, lakini safari hii baba hakucheka. Alisimama. Mjomba naye hakuondoka. Nilikuwa nimekaa chini karibu na kinu cha mama, na nilijua kwamba maisha yangu yanazungumzwa juu ya kichwa changu na kwamba hakuna atakayeniuliza.

Mama aliweka mchi chini. "Nyinyi wawili munagawa mutoto kama nyama ya paa."

"Basi sema wewe, dada," mjomba akamwambia.

"Niseme nini? Nikisema huku nimemukosea ndugu yangu, nikisema huku nimemukosea bwana yangu. Musiniweke katikati."

Sijui mpaka leo ni nani aliyetamka kwanza neno mlima. Nafikiri ni kapita wa barabara, ambaye alipenda kelele. Alisema kwamba mashemeji hawa kila jioni wanatambiana kinga, basi washuke Mlima wa Nyuki bila kukanyaga, na atakayegusa daraja kwanza, neno lake juu ya mtoto lisimame. Baba angeweza kukataa. Mjomba angeweza kucheka na kwenda zake. Lakini maneno yalikuwa yameshasemwa mbele ya wake zao na watoto wao, na wanaume wa wakati ule walikuwa wanaume wa neno, si kama vijana wa siku hizi ambao ahadi wanaiandika kwenye simu na kuifuta kwa kidole kilekile.

Jioni ile wimbo uliimbwa kwa ajili yao wawili tu. Gurudumu la baba lilikufa kabla ya kiitikio. La mjomba lilimaliza wimbo, wanawake wakauanza tena kwa mshangao, na lilikuwa bado linazunguka. Watu walinitazama kwa huruma, wengine wakanipongeza tayari kwa biashara ya chumvi. Nililia nyuma ya nyumba. Niliona kaptula ya kaki inaondoka.

Asubuhi, ukungu ulipopanda, kijiji chote kilikuwa njiani. Mama alikwenda chini na wanawake, akasimama kwenye magogo ya daraja ili awe jicho la mwisho. Sisi wengine tulikuwa juu, nyuki wakiunguruma vichwani mwetu. Kapita alichora mstari kwa fimbo. Sheria ilikuwa fupi: miguu itulie juu ya pedali, anayekanyaga ameshindwa.

Hapo ndipo Mjomba Rajabu alipofanya kosa ambalo kila mmoja wetu pale angelifanya. Alinitazama, akacheka, akamwambia baba: "Shemeji, mubebe basi mutoto wako. Muage vizuri. Kesho iko kwangu."

Watu walishangilia. Mnaona hila yake: sote tulijua kwamba ukipanda mlima na mzigo unachelewa. Nani aliyewahi kufikiri kwamba mzigo unaweza kufanya kazi nyingine upande wa pili? Baba naye alijua hivyohivyo. Lakini hakutaka kuonekana mwoga. Alinyanyua mkono, akaniita, nikapanda kwenye portbagaji nyuma ya kiti, pale alipozoea kufunga madumu ya mawese. Nikamkumbatia tumbo. Nilisikia moyo wake kupitia mgongo.

Filimbi ililia.

Mwanzo ulikuwa kama watu walivyotabiri. Juu pale mteremko ni mpole, na kinga ya mjomba iliteleza mbele yetu bila sauti, kanzu nyeupe ikienda peke yake kama mzimu. Yetu ilikoroma. Nilisikia grisi ikivutana ndani ya kitovu, nikamwomba Mungu wa mapadri, na kwa tahadhari nikamwomba na yule wa mjomba.

Kisha mlima ukafunguka.

Nimetafuta maneno ya jambo lile kwa lugha tatu. Barabara nyekundu iliinuka ikaanza kukimbilia chini yetu. Tik-tik-tik ya gurudumu iliungana ikawa mlio mmoja, mwembamba, usiokatika. Miti haikuwa tena miti, ilikuwa ukuta wa kijani. Nilichungulia pembeni mara moja, upepo ukanipiga kofi, machozi yakanikimbilia masikioni. Nikarudi nyuma ya mgongo wa baba, na huko, enyi wenzangu, palikuwa na chumba. Chumba kidogo kisicho na upepo, chenye harufu ya moshi na mawese na jasho, na ndani yake nilikuwa ninakwenda mbio kuliko kiumbe chochote nilichowahi kukiona, na nilikuwa nimetulia kama ninayelala. Baba aliinama, kifua chake kikagusa usukani. Mgongo wake ukawa kama dari juu yangu. Sikuogopa. Nilistaajabu. Niliona kwamba dunia ina nguvu ambazo hakuna aliyenisimulia, na kwamba zimenibeba.

Tulimkuta mjomba katikati ya mteremko. Alikaa wima, kama alivyokaa siku zote, kwa heshima, na kanzu yake ilikuwa imeshika upepo ikavimba kila upande. Alitusikia, akageuza kichwa.

"Shemeji! Unakanyaga!"

"Angalia miguu yangu!"

Aliangalia. Miguu ya baba ilikuwa imetulia kama ya sanamu. Nakumbuka uso wa mjomba tulipompita: haukuwa na hasira hata kidogo. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa anatazama muujiza.

Mama aliinua mkono wake mweupe wa unga wa mihogo tulipoyagonga magogo. Baba alirudisha pedali nyuma kufunga breki, kitovu kikatoa moshi wenye harufu ya kuungua, tukasimama mbali upande wa pili. Mjomba alifika nyuma yetu kidogo tu. Alishuka, akaigeuza kinga yake palepale juu ya daraja, akalizungusha gurudumu. Likazunguka. Watu walikuja mbio kutoka juu wakihema, wakalizunguka gurudumu lile, na lilikuwa bado linazunguka, bila sauti, zuri kama jana.

"Iko sawa," mjomba alisema polepole. "Iko sawa kabisa. Sasa ni nini?"

"Ni Mungu," mwanamke mmoja akasema.

"Mungu, ndiyo. Lakini amefanya namna gani?"

Kijiji kizima, watu wazima wenye mashamba na wake, tulisimama tukitazama gurudumu mpaka likasimama lenyewe.

Ilinichukua miaka mingi na vitabu vizito kumjibu Mjomba Rajabu. Uwanjani, gurudumu lililogeuzwa juu halina kazi wala adui, isipokuwa grisi tu. Ndiyo maana grisi ilionekana kubwa. Lakini mlimani, uzito wa watu wawili na chuma chao unavuta chini, na mbele yake grisi ya kitovu ni nzi anayemsukuma tembo. Inapunguza mwendo, sikatai. Pale juu penye mteremko mpole, na kwenye tambarare unapokwenda taratibu, utaihisi kidogo. Mwendo ukikua, adui wa kweli ni upepo, na upepo unakua haraka kuliko mwendo wenyewe. Aliye mzito na amejikunja anaupasua. Aliye mwepesi, amekaa wima na kanzu yake, anauvuna wote. Niliwahi kulieleza hili darasani kwa Wabelgiji, kwa mfano wa baba na mjomba, na mwalimu alisema hajasikia mfano bora. Kwa hiyo naweza kusema kwa cheti mkononi kwamba siku ile sikuwa mzigo. Nilikuwa sehemu ya injini.

Mjomba hakuhitaji hesabu hiyo ili kutimiza neno lake. Alifuta mikono, akaja mpaka tulipokuwa, akamwambia baba, "Aende." Ni hivyo tu. Na siku ya safari ilipofika, baba alikuwa hawezi kuondoka, kwa sababu Mzungu wa kilimo alikuwa anakuja kukagua pamba na asiyekutwa shambani aliwekwa ndani. Ni mjomba aliyeleta kinga yake asubuhi na kuniambia nipande. Alinipeleka mpaka Kasongo. Kwenye tambarare aliacha kukanyaga, akaniambia, "Sikia sasa. Hapa ni kwangu," na tuliteleza kimya kati ya majani marefu, mpaka akacheka mwenyewe. Njia nzima alinifundisha chumvi: kavu hulia namna gani kiganjani, iliyotiwa maji kwa wizi hunata vipi, nani wa kumkopesha na nani wa kumwamkia tu. Alisema haidhuru, kichwa kina vyumba vingi.

Tulifika wakati wa adhana ya alasiri. Alinikabidhi kwa padri mwenye ndevu, wakasalimiana kwa heshima, kanzu nyeupe na kanzu nyeupe, kisha akaniinamia. "Ukijua ni nini kilitokea ku mlima," akaninong'oneza, "mimi ndiye wa kwanza kuambiwa."

Nilirudi na jibu nikiwa nimechelewa. Uhuru ulikuja, vita vikaja, barabara zikafungwa, na mjomba alizikwa Wamaza kabla sijapata hata diploma yangu ya kwanza.

Mwaka huu nilikodi pikipiki kwenda kuuona mlima. Mvua zimeichimba barabara mpaka imekuwa korongo, na mizinga haipo tena. Kijana aliyenibeba alizima injini kileleni ili kuokoa mafuta, tukateleza tukirukaruka, yeye akiwa na waya masikioni, hasikii upepo wala chochote. Chini, alipozitoa, nilimweleza kwamba hapa watu wawili waliwahi kushindana kwa ajili ya mtoto.

"Mutoto alikuwa na deni gani, muzee?" akauliza.

"Hakuwa na deni. Kila mmoja alimutaka."

Alicheka, akadhani ninatania. Yeye, akaniambia, baba yake yuko machimboni na hajamwona tangu akiwa mdogo, na mjomba hamjui hata jina. Shule anapita mbele yake kila siku akibeba abiria. Siku hizi shule zipo hata vijijini, pikipiki zipo, grisi inauzwa dukani kwa kopo. Lakini nimekaa hapa Kasongo miaka mitatu sasa, na sijaona mahali ambapo wanaume wawili wazima wanasimama juu ya mlima, mbele ya watu wote, kila mmoja akisema: mtoto huyu ni wangu.